Shajara ya mradi: picha za zamani za Mji Mkongwe, na ule upande usiopigwa picha

Wiki ya 1

Shangazi kanipa bati lake la biskuti lilojaa picha, kaniambia "zichukue wewe mwanangu, mimi macho yashachoka na nikiondoka hawa watazitupa". Mradi umeanzia hapo. Nimezihesabu ziko 61. Kati ya hizo postikadi ni 14, tisa ni zile za zamani kabisa zilogandishwa kwenye kadi ngumu, na zilobaki ni za familia, za harusi, za skuli, watu wamesimama mbele ya milango wanaangalia kamera kama wanangoja kuulizwa swali.

Ninachotaka kwa kila picha ni mambo matatu, imepigwa wapi, imepigwa lini, na aloipiga alisimama wapi. Hilo la tatu nimeliongeza mwenyewe manake naona watu wengi wakiweka picha za zamani za Unguja wanasema tu "Forodhani ya zamani" basi imeisha. Mimi nataka nikanyage pale pale alipokanyaga yeye.

Leo nimefanya kazi ya mikono tu. Nimetandika shuka nyeupe mezani, feni nimezima, mikono nimeosha na kukausha, picha nashika kwa ncha zake sio usoni. Kila moja imepata namba, naiandika nyuma pembeni kabisa kwa penseli laini bila kukandamiza. Peni hapana, wino unapita mpaka mbele. Maandishi ya nyuma nayo nimeyapiga picha kabla sijagusa chochote.

Picha namba 7 ndo ilonikosesha usingizi. Ni mji wote wa pwani umepigwa kutokea baharini, Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la Sultan, katikati, na nyuma mtu kaandika kwa wino wa kahawia "Zanzibar 1885". Nzuri sana mashallah. Ila kuna kitu hakijanikaa sawa na sijajua ni kitu gani.

Wiki ya 2

Nimejua!! Mnara.

Beit al-Ajaib ilijengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, hiyo kila mtu anaijua, lakini ilipojengwa haikuwa na ule mnara wa saa juu yake. Mnara ulikuwa peke yake mbele ya majumba, ni mnara wa taa ya baharini wenye saa, umesimama mbali na jengo. Sasa tarehe 25 Agosti 1896 Sultan Hamad bin Thuwaini akafariki, Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri bila ridhaa ya Waingereza, wakampa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 atoke, hakutoka, mizinga ikapigwa kutoka kwenye manowari zilokuwepo bandarini. Dakika thelathini na kitu tu. Watu kama 500 wa upande wa Sultan walikufa au kujeruhiwa humo. Jumba la Beit al-Hukm lilokuwa katikati ya Beit al-Sahel na Beit al-Ajaib likasambaratika halikujengwa tena, na ule mnara wa mbele ukaharibiwa nao ukaondoshwa. Beit al-Ajaib yenyewe ikapona, na mwaka 1897 walipoitengeneza wakaupandisha mnara wa saa juu ya uso wa jengo, hivo tunavouona kwenye picha nyingi.

Kwahiyo ukikuta picha ya pwani ya Mji Mkongwe huna tarehe, kitu cha kwanza tafuta mnara. Umesimama peke yake mbele ya majumba, basi ni kabla ya Agosti 1896. Umepanda juu ya jengo, ni 1897 au baadae. Namba 7 mnara uko juu ya jengo, kwahiyo huyo aloandika 1885 kakosea kwa miaka 12 kwa uchache, na nadhani aliandika baadae sana kwa kukisia, pengine alirithi picha kama mimi.

Nimekaa nayo tena usiku na kioo cha kukuzia. Mbele upande wa chini kuna vijiti vitatu vimetoka majini, mwanzo nlidhani ni nguzo za kufungia vyombo. Kumbe ni milingoti! Ni meli ya Sultan inaitwa Glasgow, ilizamishwa asubuhi ile ile ya 1896 na kwa vile pale maji si marefu milingoti ikabaki imechomoza juu ya bahari miaka na miaka, kila alopiga picha ya bandari ikamwingilia ndani. Mabaki yaliondoshwa 1912. Hapo sasa nina mlango wa kuingilia na wa kutokea, picha ni ya kati ya 1897 na 1912. Sikuamini, nimeinuka nikazunguka chumba.

Na bado. Ng'ome Kongwe, ile ngome ya zamani, iko kulia kwa Beit al-Ajaib, ukiwa baharini unaangalia mji inatakiwa iwe kulia, kwahiyo picha haijageuzwa (kuna picha mbili kwenye bati hili zimechapwa kinyume, ile sahani ya kioo iloshika picha iliwekwa upande siyo, Ng'ome iko kushoto, ukiikosa hiyo utatafuta nyumba ambayo haijawahi kuwepo). Jua linapiga kwenye uso wa majumba, na ile pwani inaangalia magharibi kuelekea kaskazini, ina maana ni baada ya adhuhuri, asubuhi uso wote ungekuwa kivulini. Halafu bandarini majahazi yamejaa mpaka yanagusana, majahazi makubwa ya kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Hao walikuja na kaskazi, wanafika kuanzia Disemba hivi, wanafanya biashara zao wakingoja upepo ugeuke warudi na kusi. Picha ya Agosti haiwezi kuwa na majahazi namna ile.

Nimeandika kwenye daftari: namba 7, kutokea chomboni, 1897 hadi 1912, msimu wa kaskazi, mchana baada ya adhuhuri. Hilo neno "1885" sikulifuta, nalo ni sehemu ya picha.

Wiki ya 3

Postikadi. Hizi zinachanganya kuliko zote.

Kwanza nimejifunza kutofautisha picha halisi na kitu kilochapwa mtamboni. Ukiweka kioo cha kukuzia ukaona vidoto vidoto vimejipanga, hiyo imechapwa, na huko kuikuza hakukupi kitu, unakuza vidoto tu. Isipokuwa na vidoto na kivuli kinapita taratibu bila kukatika, hiyo ni picha yenyewe na hapo ndani kuna mengi ya kuchimba. Zile tisa za kwenye kadi ngumu ni karatasi nyembamba sana zenye rangi ya chai, hizo ni za ute wa yai, karatasi ilipakwa ute wa yai na chumvi halafu ikatiwa madini ya fedha. Zikizeeka zinageuka manjano kwenye sehemu nyeupe na zinafanya nyufa nyembamba kama udongo ulokauka.

Pili, tarehe ya posta sio tarehe ya picha. Ninayo moja stempu yake ina sura ya Seyyid Khalifa bin Harub, huyo alishika ufalme 1911, na upande wa picha mnara wa saa bado uko peke yake chini! Yaani kadi imetumwa miaka 15 au zaidi baada ya picha kupigwa. Wapiga picha wa Unguja wa wakati ule, kina A. C. Gomes na wale ndugu Coutinho, wote asili yao Goa, walikuwa na sahani zao za kioo dukani na wanazichapa tena na tena kila meli ya abiria ikitia nanga. Mtalii alikuwa ananunua mji ambao ushabadilika.

Halafu nyuma ya kadi nako kuna siri. Kama nyuma yote ni anwani tu na salamu zimebanwa mbele pembeni ya picha, hiyo kadi ni ya zamani, manake zamani posta hazikuruhusu kuandika kitu chengine upande wa anwani. Uingereza ndo waliogawa ule mgongo mara mbili mwaka 1902, nchi nyengine zikafuata miaka ya mbele yake. Kwahiyo mgongo usiogawiwa na mgongo ulogawiwa peke yake unakupa fununu.

Kuna kadi nne sikuzitia kwenye orodha ya kuonesha watu. Ni wanawake, wamepangwa wakae hivi na wavae hivi, chini hakuna jina, imeandikwa kabila tu. Nlizitazama nikasema huyu alikuwa na jina lake na mama yake alimwita kwa jina hilo, na yule alobonyeza kamera hakuona haja ya kuliuliza. Nmezihifadhi, nmezipa namba, ila kuzirusha mitandaoni sirushi.

Wiki ya 4

Wiki mbaya. Nlipeleka picha 12 za familia kwenye duka moja zikaskaniwe haraka manake skana niloahidiwa ilichelewa. Wamezirudisha zimekatwa ncha zote kwenye faili "ili zipendeze", na mbili wamezing'oa kwenye albamu kwa nguvu, moja imeacha uso wake kwenye gundi. Uso wa bibi mzaa baba. Nlikaa kimya muda mrefu sana.

Makosa ni yangu pia, nilitakiwa niwaambie. Naandika hapa ili mwengine asifanye. Zile albamu za miaka ya 70 zenye gundi na plastiki juu ni adui, usiivute picha hata kidogo, chukua uzi wa kusafishia meno usio na ladha, upitishe taratibu nyuma ya picha kama unakata sabuni, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka iachie yenyewe. Ikikataa iache, ipige picha hapo hapo ilipo. Na ukiskani, skani mpaka nje ya ncha, na nyuma yake pia. Ncha ndo zina mambo. Kwenye hizo faili zilokatwa wamekata nusu ya kibao cha duka na namba ya gari, vitu viwili ambavyo vingenipa mwaka.

Sasa skana nimepata. Naweka dpi 600 (vidoto kwa kila inchi) kwa picha za kawaida, 1200 kwa zile ndogo za ukubwa wa kiganja, nahifadhi TIFF kama asili na JPEG za kutumia watu, kopi moja kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje, na diski nyengine inalala kwa binamu yangu nyumba ya mbali kidogo.

Wiki ya 5

Nimeanza kulinganisha na picha za mikusanyo mikubwa. Kuna mkusanyo wa Winterton uko chuo kikuu cha Northwestern, jimbo la Illinois, Marekani, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki kuanzia 1860 hivi mpaka 1960, na zinaonekana bure kwenye intaneti. Nimepotea humo siku tatu. Inauma kidogo kwamba mtaa wako unautazamia Illinois, lakini angalau unautazama. Hapa kwetu pia nimekwenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, ukienda nenda na swali lako limeandikwa, usiende kusema "nataka picha za zamani", mwaka na mtaa vinamrahisishia alokuwepo kaunta.

Kitu kilonishangaza ni mitaa kuwa mitupu. Picha za miaka ya 1860 na 70, kichochoro hakina hata mtu mmoja, na mji ule ulikuwa na watu wengi tu. Sababu ni sahani zenyewe, wakati ule kioo kilipakwa dawa na kupigwa kikiwa bado kimelowa, mwanga ulihitaji sekunde nyingi kuingia, sasa anaetembea hakai muda wa kutosha kwenye picha. Anapita kama hakupita. Nimekuza picha namba 3 kwenye kona ya chini kushoto na nimemkuta mmoja, kakaa barazani kaegemea ukuta, uso umetulia kabisa unaona hadi kofia yake, ila mguu mmoja umekuwa ukungu. Alikuwa anautikisa. Mtu wa zaidi ya miaka 100 nyuma kakaa barazani anatikisa mguu, na yeye ndo mtu pekee alobaki kwenye mtaa mzima kwa vile hakuwa na haraka ya kwenda popote.

Baada ya hapo nikaacha kuangalia katikati ya picha. Kila picha naanza na kona nne.

Wiki ya 6

Leo tumekwenda kusimama. Mimi na binamu, kopi kubwa ya namba 11 mkononi, hiyo ni ya Beit al-Ajaib kutokea upande wa Ng'ome Kongwe.

Namna yake ni hii. Unachagua vitu viwili kwenye picha, kimoja cha karibu na kimoja cha mbali, kimoja kinagusa chengine. Sisi tulichukua ncha ya ukuta wa Ng'ome na nguzo ya tatu ya baraza la Beit al-Ajaib. Unasogea kushoto kulia mpaka vigusane vile vile kama kwenye picha, hapo ujue uko kwenye mstari wake. Halafu unachukua jozi nyengine ya vitu, unapata mstari wa pili. Mistari miwili inapokatana, ndo alisimama hapo. Haina haja ya kukisia wala kubishana.

Mistari yetu ilikatana ndani ya bustani. Katikati ya majani, karibu na mti. Bustani ile haikuwepo, ilifanywa miaka ya 1930, kabla yake pale palikuwa ni mahala pa kazi, mabanda ya forodha na ndo jina Forodhani lilipotoka, makuli, mizigo, mpaka shughuli zilipohamia bandari ya Malindi ilojengwa miaka ya 1920. Na kuanzia 1905 treni ya Bububu ilianzia hapo mbele ya Ng'ome. Kwenye namba 11 hakuna reli, nimetafuta kila inchi ya ardhi, na mnara uko juu ya jengo. Kwahiyo 1897 hadi 1905 kwa makadirio yangu, hiyo nimeiwekea alama ya kuuliza manake reli inaweza kuwa imefichwa na ile mizigo ya mbele.

Na mnara wenyewe... Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib ilianguka, mnara ukaenda nao, na watu wawili walifariki. Nlisimama na ile kopi nikiangalia picha nikiangalia jengo. Kwenye karatasi kila nguzo ipo, kila uzio wa baraza upo, unaweza kuhesabu. Mtu alopiga hiyo picha alikuwa anatafuta riziki tu ya kuuza kwa mtalii, na leo fundi anaetaka kujua uzio wa ghorofa ya pili ulikuwa na nakshi gani anaweza kuikuta humo. Binamu yangu ambae mwanzo alikuja kunisindikiza tu ndo alokuwa wa mwisho kutaka kuondoka.

Wiki ya 7

Rafiki kanitumia namba 7 yangu imetiwa rangi na programu ya simu. Ana nia njema na nilimshukuru, lakini bendera ya juu ya kasri imekuwa buluu! Bendera ya Sultan ilikuwa nyekundu tupu, haina kitu ndani yake, mpaka 1963. Programu imeona kitu cheusi ikabuni.

Na kwanini nyekundu inatoka nyeusi? Dawa za zamani za picha zilikuwa haziioni nyekundu, zinaiona buluu sana. Ndo maana kwenye picha hizi mbingu ni nyeupe tupu hazina hata wingu, na kitu chochote chekundu kinakuwa kiza. Ukilijua hilo unaweza kuusoma mji kwa rangi bila kuutia rangi. Kanga yenye sehemu za kiza kabisa inaweza kuwa nyekundu, kile kiza sio lazima kiwe kaniki, kile kitambaa cheusi. Mimi nakataa kutia rangi. Atakaetaka afanye kwenye kopi na aandike wazi kwamba rangi ni ya kukisia, basi.

Kwa kanga, namba 38 ni picha ya studio, dada wawili wamesimama, na kwenye pindo la mmoja kuna jina, yaani ule msemo wa kanga. Nimekuza mpaka nikaona herufi ni za Kiarabu. Kanga za mwanzo zenye majina ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hizi herufi tulizozizoea zimekuja baadae. Nimemwonesha bibi mmoja jirani anaejua kusoma, alivaa miwani yake akaishika simu mbali akasoma herufi moja moja kwa kidole, mkunjo wa kitambaa umekula neno la katikati. Alichosoma ni neno la kwanza na la mwisho. Anasema atalikumbuka, analijua hilo jina, lilikuwa la mamaake, nisimharakishe.

Wiki ya 8

Nimepanga zile picha za mitaa juu ya ramani, nikaweka pini kila palipopigwa. Nilipomaliza nikakaa nikaangalia. Pini zote ziko upande wa Mji Mkongwe. Forodhani imejaa, Shangani imejaa, Mkunazini kuna kadhaa kwa sababu ya kanisa lilojengwa palipokuwa soko la watumwa, soko lilofungwa 1873. Halafu ukifika Darajani zinakatika. Kama kuna ukuta.

Na hapo kweli palikuwa na kitu, palikuwa na mkono wa bahari ulioingia kutokea Funguni, ndo uliotenganisha Mji Mkongwe na upande wa pili unaoitwa Ng'ambo, na daraja lilokuwepo ndo limelipa jina Darajani. Ng'ambo maana yake ni hiyo hiyo, ng'ambo ya maji. Maji yenyewe yalifukiwa kidogo kidogo mpaka yakaisha. Watu walikuwa wengi huko, mafundi, wachukuzi, wavuvi, waloachiwa huru na watoto wao, mgomo wa kodi za viwanja wa 1928 ulikuwa wa huko. Lakini mwenye kamera alishuka melini, akapiga majumba ya mawe, akarudi melini. Mtalii hakununua kadi ya nyumba ya udongo na makuti.

Kwahiyo mimi na mradi wangu nimekaa wiki saba nakuza kona za picha, na kona iloachwa ni nusu ya mji. Nimeona vibaya kwa kweli. Nikalirudia bati la shangazi. Zile za familia ambazo nlizifanya za mwisho, zile za watu mbele ya milango. Shangazi kazaliwa wapi? Ng'ambo. Nlikuwa nazo mkononi tokea siku ya kwanza.

Wiki ya 9

Njia imebadilika kidogo. Ng'ambo huwezi kutumia mnara wala milingoti, lazima utumie watu. Nimejiwekea utaratibu, nikimwendea mtu mzima simwambii nadhani ni wapi wala ni nani. Namwamkia, nakaa, namkabidhi picha kubwa ilochapwa (simu hapana, wanaogopa kubonyeza), namuuliza "bibi, unaona nini hapa?" basi nanyamaza. Ukimwambia "hapa si Kikwajuni?" atakwambia ndio mwanangu ndio, kwa heshima tu, na hapo ushaharibu.

Nimekwenda kwa wazee wanne. Mmoja hakutambua mtu hata mmoja ila kaniambia paa lile la bati na sio makuti, mwenye nyumba alikuwa na kazi ya serikali au alikuwa na mtu baharini. Mwengine kaangalia namba 44 dakika nzima halafu kasema "huu mfereji".

Mfereji! Kwenye kona ya kulia ya namba 44, nusu yake imekatwa na ncha ya picha, kuna bomba la maji la mtaa na ndoo mbili chini yake. Mbele wamesimama watu sita wa familia yetu, nyumba ya udongo, mlango wa mbao, nyuma yao kiguzo na sehemu ya ukuta mweupe wa msikiti. Mimi nlikuwa nahangaika na nyuso. Yeye alikuwa anateka maji hapo kila alfajiri akiwa mtoto na anaukumbuka ulivoinama.

Nikamuuliza uko wapi sasa. Akacheka akasema "upo Michenzani mwanangu, chini ya watu".

Manake ndo hivyo, baada ya Mapinduzi ya 1964, Mzee Karume akaanzisha yale majumba marefu ya ghorofa pamoja na wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ujenzi ukaanza mwishoni mwa miaka ya 60 ukaendelea miaka ya 70, na nyumba za Ng'ambo zilokuwa kwenye mstari zikavunjwa kupisha. Watu walipata nyumba zenye umeme na maji ndani, wazee wengi wanalisema hilo kwa shukrani na mimi siwakatalii. Lakini mtaa ulokuwa chini yake umebaki kwenye makabati ya watu tu, kwenye picha kama hii ambazo zilipigwa ili kumtumia ndugu alokuwa Mombasa.

Wiki ya 10

Tumekwenda Michenzani na bibi wa mfereji, shangazi, binamu na mimi. Shangazi hakusema neno ndani ya gari. Msikiti bado upo, umeongezwa na kupakwa rangi, lakini ule ukuta wa upande ndo ule ule, kuna kidirisha kidogo cha juu ambacho kiko kwenye picha. Hicho kikawa kitu chetu cha mbali. Cha karibu hatukuwa nacho, nyumba haipo, mfereji haupo, kwahiyo mstari mmoja tu.

Bibi akatoa mstari wa pili. Aliweka mgongo kwenye ukuta wa msikiti akatembea, anahesabu kwa midomo, sio hatua za sasa, alikuwa anahesabu nyumba. Kwa fulani, kwa fulani, uchochoro, kwa fundi cherehani, halafu akasimama kwenye maegesho ya magari baina ya gari mbili akapiga fimbo chini. "Mfereji. Na nyie mlango wenu ule pale." Ananyooshea ukuta wa ghorofa, dirisha la chini lenye pazia la kijani.

Shangazi kasogea mpaka hapo. Kasimama na picha mkononi, kaigeuza iwe sawa na upande alotazama, kama vile ananisaidia kazi yangu, halafu kasema huyu mdogo wa mbele asokuwa na viatu ni mimi. Wiki kumi namuuliza na alikuwa anasema hajui.

Namba 44: Michenzani, maegesho baina ya majengo, mita 40 hivi kutoka ukuta wa msikiti. Mwaka bado, kabla ya kuvunjwa, na kwa umri wa shangazi kwenye picha ni mwanzoni mwa miaka ya 50. Mpigaji alisimama upande wa barabara, jua likiwa mgongoni kwake, vivuli ni vifupi. Pini ya kwanza ya Ng'ambo nimeiweka leo.

Bibi anasema anao jirani yake wa zamani yupo Kwahani ambae ana albamu nzima na hajawahi kumwonesha mtu. Tumekubaliana Jumapili baada ya alasiri, nachukua skana, uzi wa meno na shuka nyeupe.